Anko, hisa zangu zimegeuka nyekundu

Haya jamani, mwezi huu mmenijazia simu. Niliomba maswali ya hisa nikategemea matano sita hivi, yamekuja mpaka ya saa nane za usiku, na ukiyasoma yote ni swali lile lile limebadilisha kanga tu: bei imeshuka, nifanyeje? Nimechagua machache, majina nimeficha kama kawaida yetu. Halafu niseme mapema, mi sio dalali wala sina leseni ya kumwambia mtu anunue hisa gani, nachowapa ni yale niliyoyaona kwenye haya masoko yetu pamoja na makovu niliyobaki nayo.

Anko shikamoo. Nilipokea upatu milioni 2 na laki nne nikanunua hisa za benki zote. Nilivyonunua tu zikaanza kushuka, leo app ya Hisa Kiganjani inanionyesha milioni 1 na laki tisa na ushee. Naangalia hata mara kumi kwa siku, usiku naamka naangalia tena. Mume wangu sijamwambia. Niuze kabla haijaisha yote? – Mama Wawili, Mwanza

Marahaba mama. Kwanza kabisa usiku lala, soko limefungwa, hiyo namba unayoiangalia saa nane ni ile ile uliyoiacha jana mchana, haijaongezeka wala kupungua hata senti.

Sasa na mimi nikuulize. Hiyo milioni 2 na laki nne ilikuwa ya nini? Maana hujaniambia, na jibu lote liko hapo. Kama ni ada ya Januari basi tatizo halikuanza bei iliposhuka, lilianza siku uliyonunua, hela yenye tarehe haikai kwenye hisa. Najua kwa sababu mwaka 2015 nilinunua hisa za kampuni moja, siitaji, hela yenyewe ilikuwa ya kumpeleka mwanangu kidato cha tano na nikajiambia mwaka mmoja tu itakuwa imezaa, bwana we, shule ikafika bei iko chini nikasema nisubiri, nikakopa ada, nikasubiri tena, mwisho 2019 nikauza kwa karibu nusu ya nilichonunulia maana na mkopo nao ulikuwa unanila. Kosa halikuwa la kampuni. Wenzangu waliokuwa na hela isiyo na haraka walikaa nazo tu wakala gawio, ule mgao wa faida ya kampuni.

Kama ni hela ambayo hata miaka mitano ijayo huna kazi nayo, basi hapo ndo tunaanza kuzungumza. Angalia CRDB. Mwaka 2009 iliingia soko la Dar ikiuzwa sh 150, ikapanda vizuri watu wakacheka, kisha ikaporomoka, 2019 ilikuwa chini hata ya ile 150 ya mwanzo. Miaka kumi mama! Waliochoka wakauza hapo. Kufika 2024 ilikuwa imevuka 500. Sikwambii benki yako itafanya hivyo hivyo, nakwambia tu kwamba kushuka kwa asilimia 20 kama kwako ni jambo la kawaida sana kwenye hisa, ni kama bahari kuwa na mawimbi, ukiona kila wimbi unafunga mizigo basi safari ya maji haikufai na sio dhambi, kuna UTT, wale wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, nunua vipande vya mfuko wa Ukwasi au wa Hatifungani utalala usingizi.

Na mumeo mwambie. Leo, sio siku bei ikipanda.

Mjomba, mi nilinunua Safaricom 2021 kwa bob 42, share elfu moja. Ikaenda chini mpaka nikawa nacheka tu. Nimeapa siuzi mpaka irudi 42 nitoe pesa yangu. Marafiki wananiambia niongeze zingine wakati iko chini ndio bei ya wastani ishuke. Wasemaje? – Wa Kisauni, Mombasa

Mpwa wangu, uliingia karibu na kilele kabisa, pole. Lakini ngoja tuhesabu vizuri kabla hujaendelea kuapa.

Tangu ununue hujakaa bure. Kwa mwaka wa fedha ulioisha Machi 2022 Safaricom ililipa gawio la 1.39 kwa kila hisa, halafu miaka mitatu iliyofuata ikalipa 1.20 kila mwaka. Jumlisha unapata 4.99, mara elfu moja ni 4,990, toa kodi ya zuio asilimia 5 unabaki na kama 4,740. Kwa hiyo mlango wako wa kutokea sio 42, ni 37 na kidogo. Watu wengi hawahesabu hivi, hela inaingia M-Pesa inaishia kwenye unga na bando halafu mtu anaendelea kulia na bei ile ile.

Ila jambo kubwa zaidi: hiyo 42 unaijua wewe peke yako. Soko haliijui. Hisa haina kumbukumbu ya nani alinunua kwa ngapi kwamba eti ijitahidi irudi kwa ajili ya kijana wa Kisauni. Swali la kujiuliza ni kama leo ungekuwa na hela taslimu sawa na thamani ya hizo hisa, ungezinunua kwa bei ya leo? Ukisema ndiyo kaa, ukisema hapana unazishikia nini?

Na ili ujibu hilo lazima ujue kwa nini ilianguka. Ukikumbuka 2022 na 2023, benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri mpaka zaidi ya asilimia 5, wawekezaji wa kigeni waliokuwa wamejaa soko la Nairobi wakaona kwa nini nihangaike na shilingi inayoyeyuka wakati dola inalipa nikiwa nimekaa nyumbani, wakauza, na ukiuza Nairobi unauza nini? Safaricom, maana ndiyo yenye wanunuzi kila siku. Shilingi yenyewe ilifika kama 160 kwa dola Januari 2024. Na wenyeji nao dhamana za muda mfupi za serikali zilikuwa zinatoa asilimia 16, nani atagusa hisa? Juu ya hapo kampuni ilikuwa inamwaga mabilioni Ethiopia ilikoanza kazi 2022. Ndo maana ikaenda chini ya 15 mwishoni mwa 2023. Lakini mama mboga aliacha kupokea M-Pesa? Hakuacha. Kilichoporomoka ni bei kuliko biashara.

Sasa linganisha na Mumias, ile kampuni ya sukari ya Kenya. Pale waliofuata huo ushauri wa kuongeza ili wastani ushuke ndo walioumia kuliko wote, maana sukari yenyewe ilikuwa haitoki, madeni yamejaa, wakulima hawalipwi, na mtu bado ananunua kwa 5, kwa 3, kwa 1, anasema ni rahisi. Mwaka 2019 hisa hiyo ikasimamishwa ikiwa chini ya shilingi moja na kampuni ikakabidhiwa mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Ule msemo kwamba hasara sio hasara mpaka uuze ni nusu ya kweli mpwa wangu, nusu nyingine waulize watu wa Mumias.

Kwa hiyo kuongeza sikukatazi. Ongeza kwa sababu umesoma hesabu za kampuni ukaridhika, sio kwa sababu unataka ile namba ya wastani ikupe raha machoni. Ukiwa na hisa elfu moja za 42 ukanunua elfu nyingine kwa 20 wastani unakuwa 31, sawa, unapendeza kuutazama, ila sasa hela iliyofungwa kwenye kampuni moja imetoka 42,000 hadi 62,000. Una nyingine yoyote zaidi ya hiyo? Hukuniambia, nahisi huna.

Anko nipo chuo Dodoma mwaka wa pili. Bei zikiwa chini si ndo wakati wa kununua? Nataka nitumie bumu na nijazie na mkopo wa simu, nikipata faida narudisha.

Hapana.

Haya nieleze kidogo usije ukasema Anko mkali. Mwaka 2008 Safaricom walipouza hisa kwa umma kwa shilingi 5, Kenya nzima ilisimama, foleni kwenye mabenki, watu wanauza ng'ombe, na mabenki yenyewe yakawa yanakopesha watu wanunue. Hesabu ya mtaani ilikuwa rahisi, KenGen miaka miwili nyuma iliuzwa 11.90 ikapaa, hii nayo itapaa, nauza siku ya kwanza nalipa benki nabaki na changu. Maombi yakawa makubwa mara kadhaa kuliko hisa zilizokuwepo kwa hiyo mtu aliyeomba za laki moja akapewa kipande tu, hela iliyozidi ikachukua muda kurudishwa na riba ya mkopo inatembea kwenye hela yote, hata ile ambayo hakupata hisa zake. Juni ikaanza kuuzwa, ikapanda kweli siku za mwanzo, na kabla mwaka haujaisha iko chini ya 5. Mwenye hela yake alikaa akaja kuiona juu ya 40 mwaka 2021. Mwenye mkopo hakuweza kukaa, benki haisubiri 2021.

Na huo ulikuwa mkopo wa benki, mdogo wangu, wewe unazungumzia wa simu ambao riba yake ya mwezi mmoja tu inaweza kumeza gawio la mwaka mzima. Bumu kula. Ukibakiza elfu kumi au ishirini nunua nayo ujifunze, hata ikipotea yote umelipa ada ya somo kwa bei nafuu.

Kaka, mimi nurse Houston, nina miaka 41. April 2025 ile ya ushuru wa Trump niliona akaunti yangu ya kustaafu inaporomoka, tarehe 8 nikahamisha kila kitu kutoka kwenye hisa nikaweka upande wa cash. Kesho yake soko likaruka. Tangu siku hiyo nasubiri lishuke tena nirudi na halishuki. Nifanye nini? – Dada wa Houston

Dada yangu, hiyo tarehe 8 imenichoma hata mimi. Tuwaeleze wasomaji: ushuru ulitangazwa tarehe 2, tarehe 3 fahirisi ya S&P 500, kile kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ikashuka karibu asilimia 5, tarehe 4 karibu 6, na tarehe 9 ushuru mwingi uliposogezwa mbele ikaruka asilimia 9.5 kwa siku moja. Siku moja! Yaani dada ameshuka basi kituo kimoja kabla ya kwao.

Hii ndo tabia mbaya ya soko likichafuka, siku mbaya kabisa na siku nzuri kabisa zinalala kitanda kimoja, huwezi kuzikwepa hizi ukabaki na zile. 2020 ilikuwa vile vile, kati ya Februari 19 na Machi 23 S&P ilipoteza kama asilimia 34, dunia imefungwa, watu wanakufa, nani angethubutu kununua, na Agosti ilikuwa imesharudi ilipokuwa. Nairobi nako Machi 13 mwaka huo, siku Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, hisa zilianguka mpaka soko likasimamisha biashara kwa siku hiyo.

Sikudanganyi kwamba huwa linarudi haraka hivyo kila mara. Aliyekuwa ndani Oktoba 2007 alisubiri mpaka 2013 kuiona ile namba tena. Lakini una miaka 41, hela hiyo unaihitaji ukiwa na sitini na kitu, miaka sita unayo.

Kuhusu kurudi: usisubiri lishuke, ulishasubiri. Gawa hiyo cash mafungu kumi na mawili, chagua tarehe, tuseme siku ya pili baada ya mshahara, kila mwezi fungu moja linaingia soko likiwa linacheka au linalia. Kuna miezi utanunua ghali utanichukia, kuna miezi utanunua rahisi utajiona fundi. Kihesabu mara nyingi kurudisha yote kwa mpigo ndo kunalipa zaidi, najua watanisahihisha wataalamu, ila mtu aliyeungua tarehe 8 akirudisha zote leo zikashuka wiki ijayo atakimbia tena na safari hiyo harudi. Na akiba ya miezi kadhaa ya kodi ya nyumba iache pembeni nje ya hiyo akaunti, mtu mwenye hela ya chakula mfukoni huwa haogopi namba nyekundu sana.

Nilinunua hisa za CRDB siku chache kabla ya kufunga daftari ili niwahi gawio. Gawio nimepata ila bei imeshuka karibu kiasi kile kile. Nimeibiwa? – Mwalimu, Morogoro

Hujaibiwa mwalimu. Hisa kabla daftari la wanahisa, ile orodha ya watakaopata gawio, halijafungwa inauzwa na gawio tumboni, baada ya hapo anayenunua hapati kitu mpaka mwaka mwingine, sasa kwa nini alipe bei ya jana? Chukua gawio lao la mwaka 2024, sh 65 kwa hisa. Ukiwa na hisa 1,000 ni 65,000, kodi asilimia 5 inakatwa 3,250, unabaki na 61,750. Bei ikishuka 65 umepungukiwa 65,000 kwenye hisa. Kwa hiyo kununua wiki hii na kuuza wiki ijayo kwa ajili ya gawio ni kumlipa dalali kamisheni mara mbili na TRA mara moja. Gawio ni la mkaaji.

Kuna grupu la WhatsApp wanatoa signal za hisa, unatuma 150,000 wanakufanyia trading wenyewe unapata asilimia 30 kwa mwezi guaranteed.

Toka kwenye hilo grupu.

Mwanangu, mimi mstaafu, nipo Tanga. Nina hisa 1,500, kwenye karatasi bei ni sh 500. Fundi ananidai 540,000 nipaue vyumba viwili vya wapangaji kabla ya masika. Mwezi mzima nimeweka oda ya kuuza kwa 500 haiuziki, na bei kila siku ni 500 haijashuka. Soko la wapi hili bei haishuki na hisa haziuziki? Nimekutumia picha ya skrini ya dalali.

Shikamoo mzee wangu. Swali lako nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo zuri kuliko yote, na wengi hapa kwetu wanateseka nalo kimya kimya. Huko Houston bei inatingishika kila sekunde, huku kwetu kwa kampuni nyingi shida ni kinyume chake, bei inalala. Ile 500 sio bei ya leo mzee, ni bei ya biashara ya mwisho iliyofanyika, pengine wiki tatu nyuma, mtu mmoja na mwenzie walikubaliana wakaondoka. Inabaki imeandikwa pale mpaka wapatikane wengine wawili. Kwa hiyo bei kutoshuka hakuna maana kwamba hali ni shwari, inawezekana imeshashuka zamani ila hakuna aliyekubali kuiandika.

Nimeivuta hiyo picha yako nikaisoma. Upande wa kulia, wauzaji, kuna hisa 42,000 zimepanga foleni kwa 500, na wewe uko humo ndani. Kwa bei ile ile anauziwa aliyetangulia, kwa hiyo hata akija mnunuzi wa 500 hatakufikia leo wala kesho. Upande wa kushoto, wanunuzi: mmoja anataka 200 kwa 480, mwingine 1,000 kwa 470, halafu kuna 5,000 kwa 450. Hao ndo soko lako mzee, hao watatu.

Ukimwambia dalali uza zote kwa bei yoyote, atazimwaga hivi: 200 kwa 480 ni 96,000, 1,000 kwa 470 ni 470,000, na 300 zilizobaki kwa 450 ni 135,000. Jumla 701,000, wastani kama 467 kwa hisa. Ukilinganisha na 750,000 ya kwenye karatasi umeacha 49,000 mezani. Inauma ila sio wizi, ndo gharama ya haraka.

Lakini mbona fundi anadai 540,000 tu? Huna haja ya kuuza zote. Futa ile oda ya 500, weka mpya ya hisa 1,200 kwa bei isiyopungua 470. Mfumo utaanza na yule wa 480 kisha wa 470, unapata 566,000, ukitoa kamisheni na vijiada vyao bado 540,000 ya fundi imo. Zile 300 zirudishe kwenye foleni ya 500 zikae huko, hazina haraka. Ila fanya asubuhi soko likifunguka na umuulize dalali kwanza kama hao wanunuzi bado wapo, maana picha yako ni ya juzi na yule wa 1,000 akiondoka hesabu yangu yote imevurugika, itabidi uukubali ule wa 450 au umpe fundi nusu. Na muulize pia oda yako inaisha muda lini, nyingine zinakufa zenyewe baada ya siku kadhaa na mtu yuko nyumbani anasubiri. Ukishauza nitumie ujumbe umepata ngapi.